Waimbaji Wengi, Wasikilizaji Wachache

Ukifika mjini Nyeri siku ya Jumamosi, baada ya saa nane mchana, tembea polepole na utege sikio. Utasikia kuimba. Kwaya ya kanisa moja inajifunza nyimbo za ibada ya kesho, na kabla sauti zake hazijafifia nyuma yako, utasikia kwaya ya kanisa jingine ng'ambo ya barabara. Ndivyo ilivyo Karatina na Othaya, Kerugoya na Embu, Chuka na Meru, na hata Nanyuki upande wa pili wa mlima. Yamkini hakuna kitu kilichoenea katika miji ya Mlima Kenya, ukiacha kahawa na majani chai, kama kuimba kwa sauti nne. Lakini mwulize mtu njiani: "Ni wapi hapa watu huketi kimya wakasikiliza muziki kwa ajili ya muziki wenyewe, na ni siku gani?" Atakutazama kwa mshangao. Atakuonyesha kanisa, lakini huko watu wamekwenda kusali. Atakuonyesha mkutano wa hadhara, lakini huko muziki hutangulia tu ili msemaji afuate. Atakuonyesha harusi, lakini huko muziki ni kitoweo, si chakula.

Msomaji, jambo hili ndilo nitakalo tulipime pamoja. Sisemi kuwa watu wa mlimani hawapendi muziki. Sikio la mtu yeyote apitaye njiani litanikanusha. Nasema kuwa miji yetu ina waimbaji wengi na wasikilizaji wachache, na kuwa upungufu huu, ambao hauonekani kwa macho, ndio uzuiao muziki wetu usikue. Ili nikuonyeshe jinsi ulivyo upungufu wenyewe, hapana budi nikuchukue kwanza mbali kidogo, mpaka mahali ambapo kusikiliza kulifanywa kuwa kazi yenye siku zake na kiti chake.

Katika miji mingi ya Ulaya na Amerika, ukumbi wa muziki hutoa tangazo kila mwaka kabla ya msimu kuanza. Tangazo hutaja siku za maonyesho, majina ya wapigaji, na kazi zitakazopigwa, tangu za watunzi wa kale mpaka za watunzi walio hai. Mtu apendaye hulipia maonyesho yote kwa mara moja, naye hupewa kiti kiwe chake mpaka mwisho wa msimu. Kwa mtazamo wa haraka, utaratibu huu ni hila ya biashara ya kukusanya fedha mapema. Biashara imo, sikatai. Lakini imo pia siri nyingine. Mtu anunuaye tikiti ya jioni moja huchagua kile akijuacho. Mtu aliyelipia msimu mzima amelipia na asichokijua. Amejifunga kuja hata siku ya kazi ngeni, asiyoielewa, ambayo pengine itamchosha. Na mwaka ujao, kazi hiyo ikirudi, atagundua kuwa sikio lake limeikumbuka bila yeye kuliamuru. Hivyo ndivyo msikilizaji anavyofanywa, nao ni ufundi kama ufundi mwingine wowote.

Pengine utasema kuwa mambo hayo huhitaji kwanza jumba kubwa na serikali tajiri. Historia haisemi hivyo. Mji wa Leipzig katika Ujerumani ulikuwa mji wa wafanyabiashara, kama vile Karatina ilivyo mji wa soko. Mwaka 1743 watu 16 wa mji huo, wengine wa koo bora na wengine wenyeji wa kawaida, walichanga fedha ili kuanzisha maonyesho ya muziki kwa wapigaji 16. Hawakuwa na ukumbi. Walianza katika nyumba ya mtu, kisha wakahamia katika nyumba ya wageni. Mwaka 1781, baada ya miaka 38, ndipo walipopata ukumbi ndani ya jengo la wauza nguo. Jina la ukumbi huo, Gewandhaus, maana yake ni nyumba ya nguo, na okestra iliyolichukua jina hilo ingali hai hata leo. Angalia mpango wa mambo yenyewe: wasikilizaji walitangulia, wapigaji wakafuata, na jumba likaja mwisho. Sisi mara nyingi hutaka kuanza na jumba, na jumba likikosekana, huona kuwa tumepata udhuru.

Mfano wa pili una uzito zaidi, kwa kuwa unaonyesha kwamba msikilizaji hakai tu akapokea. Yeye ndiye amwitaye mtunzi. Mwaka 1784 Mozart alikuwa kijana wa miaka 28 akiishi Vienna bila mshahara wa mfalme wala wa askofu. Katika siku za Kwaresima ya mwaka huo alitangaza maonyesho matatu ya kulipiwa mapema. Alimwandikia baba yake barua akamtumia orodha ya watu waliokwisha lipa: walikuwa 174. Kwa ajili ya majira hayo alitunga kazi mpya za piano na okestra, moja baada ya nyingine, katika muda wa majuma machache. Kazi hizo zapigwa mpaka leo katika kila pembe ya dunia. Zilizaliwa na kipaji chake, bila shaka. Lakini ziliitwa zitoke na watu 174 walioahidi kuja kusikiliza kabla noti hazijakauka wino.

Sasa sikiliza upande wa pili wa habari. Mwaka 1789 Mozart alijaribu tena. Nchi ilikuwa vitani na Waturuki, fedha zilikuwa adimu, na mioyo ya watu wa Vienna ilikuwa imegeukia mambo mengine. Orodha ilizungushwa mjini kwa majuma mawili. Ilirudi na jina moja tu. Maonyesho hayakufanyika. Kipaji kilikuwa ni kile kile, na mkono ulikuwa umekomaa zaidi. Kilichotoweka kilikuwa ni wasikilizaji. Miaka miwili baadaye Mozart alifariki, naye hakuwa ametimiza miaka 36. Ni kazi ngapi ambazo zingetungwa kama orodha ile ingerudi na majina mengine 174, hakuna awezaye kusema.

Hapa msomaji mwenye moyo wa nchi yake atanikatiza. Atasema: "Hizi ni habari za Vienna na Leipzig. Muziki huo uliletwa kwetu na waliotutawala. Kwa nini tuutamani?" Swali ni la haki, nami sitaki kulipita kando.

Ni kweli kwamba katika Kenya muziki wa okestra ulikaa kwa muda mrefu kama mgeni mwenye majivuno. Chuo cha muziki kilianzishwa Nairobi mwaka 1944, na Okestra ya Nairobi mwaka 1947. Ukumbi wa Taifa wa maonyesho, ulio katika mji huo huo, ulifunguliwa Novemba 1952. Zingatia tarehe hiyo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba mwaka ule ule. Wakati taa za ukumbi zilipowashwa kwa mara ya kwanza kwa starehe ya Wazungu zaidi kuliko ya watu wengine, giza la amri ya kutotoka nje lilikuwa likianza kutanda vijijini Nyeri, Murang'a na Kiambu. Mtu wa mlimani asingeweza kuketi katika ukumbi ule na kujiona yuko kwake. Chuki iliyobaki baada ya mambo kama hayo si ya kushangaza.

Lakini tazama watu wa mlimani walivyoufanya muziki huo wa mgeni. Wamisheni waliofika mwanzoni mwa karne ya 20, Wakatoliki wa Consolata huko Nyeri, Wapresbiteri huko Tumutumu, Waanglikana huko Embu na Wamethodisti huko Meru, walifundisha nyimbo za Kikristo kwa mahadhi ya Ulaya. Haukupita muda mrefu kabla mahadhi hayo hayajabadili bwana. Wapigania uhuru na wafuasi wao waliyavua maneno ya zamani, wakayavika maneno ya ardhi na ukombozi, na nyimbo hizo zikaimbwa mchana kweupe. Mpita njia asiyejua Kikikuyu angedhani kuwa asikiacho ni ibada. Kodiani nayo ilikuja na wageni, ikakutana na karing'aring'a, ile pete ya chuma igongwayo kwa kijiti cha chuma, na kukutana huko kukazaa ngoma ya mwomboko, ambayo leo wazee huisimulia kama urithi wao halali. Na wimbo wa taifa, ambao wewe huuimba shuleni bendera ipandishwapo, ulitengenezwa mwaka 1963 kutokana na mahadhi ya Wapokomo ya kumbembelezea mtoto, yakapangwa kwa sauti na vyombo kwa kanuni za Ulaya. Basi swali si kama muziki wa mgeni unatufaa au hautufai. Tumekwisha kuutwaa. Swali ni kama tunausikiliza, na kama tunausikiliza wetu.

Kwa maana kusikiliza kwa makini hakukuletwa kwa meli. Kabla ya hayo yote, katika nchi ya Wakikuyu kulikuwa na gicandi. Ni kibuyu chenye mbegu ndani, kilichochorwa alama juu ya ganda lake, na mwenye nacho aliimba huku akikitikisa. Waimbaji wawili walikutana mbele ya watu wakashindana kwa mafumbo: huyu atega, yule ategua. Aliyeshindwa alimwachia mwenzake kibuyu chake. Padri Vittorio Merlo Pick wa Consolata alikusanya vitendawili na mashairi ya gicandi katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1973. Fikiri ni wasikilizaji wa namna gani waliohitajiwa na sanaa hiyo. Mtu asiyekaa kimya angepitwa na fumbo; mtu asiyekumbuka mashindano ya jana asingetambua ujanja wa leo. Wale waliosimama sokoni wakilizunguka shindano la gicandi hawakuwa na tikiti wala kiti, lakini walikuwa na kile walichokuwa nacho watu 174 wa Vienna: masikio yaliyozoezwa, na nia ya kurudi.

Ngugi wa Thiong'o alilijua jambo hili. Katika riwaya yake aliyoiandika kwa Kikikuyu akiwa kizuizini, iliyotoka mwaka 1980 na ambayo kwa Kiswahili huitwa Shetani Msalabani, msimulizi ni mpiga gicandi. Tena amemweka humo kijana Gatuiria, msomi wa muziki, ambaye anatafuta kutunga kazi kubwa ya kusimulia historia ya nchi yake kwa kuunganisha sauti za watu na vyombo vya Kiafrika na vya kigeni. Mtunzi huyo anahangaika, anatafuta, na hatimaye anaimaliza kazi yake. Lakini riwaya inafika mwisho kabla ya msomaji kuusikia muziki huo ukipigwa mbele ya watu. Wahakiki wengi wamelieleza jambo hili kwa njia ya siasa ya riwaya, nao wana haki. Mimi huliona pia kuwa ni picha ya kweli ya hali yetu. Gatuiria angepata wapi ukumbi? Ni nani waliokuwa wamelipia msimu wa kumsikiliza? Kazi kubwa ya muziki wa mlimani ipo, imekamilika, na imelala katika karatasi za kitabu.

Najua kuwa sasa utanitajia tamasha la muziki la shule, nami nafurahi kulitaja. Tamasha hilo lilianza mwaka 1927, na hakuna chombo kingine katika Kenya kilichofundisha vijana wengi kuimba kwa usahihi kuliko hilo. Kila mwaka kwaya hupanda ngazi kutoka eneo dogo mpaka kaunti, kutoka kaunti mpaka mkoa, na kutoka mkoa mpaka taifa. Mwanafunzi wa shule ya kijijini hujifunza kusoma do, re, mi, hushika sauti yake katikati ya sauti tatu nyingine, na husimama bila woga mbele ya mamia ya watu. Hiyo ni elimu ya thamani kuu. Mwenye kuidharau hajui alitendalo.

Lakini mpenda kitu ndiye apasaye kukiona kasoro. Keti siku moja katika ukumbi wa mashindano, si jukwaani bali nyuma kabisa, ukawatazame watu badala ya kwaya. Shule ya kwanza inaimba wimbo uliochaguliwa kwa wote. Shule ya pili inaimba wimbo ule ule. Shule ya tisa ule ule. Wanafunzi waliokwisha kuimba wako nje wanakula mandazi. Wale ambao bado hawajaimba wako nyuma ya jengo wanajifunza, na sauti zao zinapenya madirishani juu ya sauti za walio jukwaani. Walimu wanasikiliza, ndiyo, lakini wanasikiliza makosa ya wapinzani. Waamuzi wanasikiliza, lakini kalamu imo mkononi. Katika ukumbi uliojaa waimbaji, msikilizaji aliyekuja kwa ajili ya wimbo peke yake ni shida kumwona. Kisha matokeo yanasomwa. Kwaya iliyoshinda yaendelea. Kwaya iliyoshindwa yapanda basi, na wimbo walioufanyia kazi kwa miezi mitatu hauimbwi tena. Umekufa siku ya matokeo, kama mbegu iliyooteshwa ili ihesabiwe tu.

Nitoe mfano mmoja uujuao. Ni wanafunzi wangapi wa mlimani wamekwisha kuimba Haleluya ya Handel? Ni wengi mno. Huimbwa shuleni, huimbwa Pasaka na Krismasi, huimbwa na kwaya ambazo hazina hata kinanda. Lakini wimbo huo ni sehemu moja ya kazi ndefu iitwayo Masihi, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Siku ile watu walikuwa wengi hata wanaume wakaombwa waache panga zao nyumbani, na wanawake waje bila mavazi yenye pete za kutanua, ili nafasi ipatikane ya wasikilizaji zaidi. Kazi yenyewe ina sehemu tatu, na Haleluya ni mwisho wa sehemu ya pili. Je, unajua kifuatacho? Baada ya kishindo kile chote, sehemu ya tatu huanza kwa sauti moja ya mwanamke, tulivu, ikiimba juu ya ufufuo. Handel aliiweka pale makusudi: sikio lililojazwa hupewa nafasi ya kupumua, na imani iliyotangazwa kwa umati huaminiwa sasa na mtu mmoja. Mwenye kuujua Haleluya peke yake ameujua mlango akadhani ameijua nyumba. Na kosa si lake. Hakuna aliyemwalika aketi asikilize mpaka mwisho.

Basi, tufanyeje? Mhakiki asiyetoa shauri ni kama mganga atajaye ugonjwa akaondoka. Nataka tubuni msimu mmoja wa muziki wa Nyeri, wewe nami, tuone kama ni ndoto au ni jambo liwezekanalo. Nauita msimu wa kubuni, kwa kuwa haujatangazwa na mtu yeyote. Lakini kila kilichomo kipo.

Jumba tusilijenge. Tuazime ukumbi wa shule au kanisa kubwa, kama watu wa Leipzig walivyoanza nyumbani kwa mtu. Siku iwe Jumamosi, saa tisa mchana, ili mtu wa Othaya na wa Karatina apate gari la kurudia kabla ya usiku na baridi. Maonyesho yawe matano kwa mwaka. La kwanza, mwezi wa Machi kabla ya Pasaka, kwaya za mji ziungane ziimbe Masihi, sehemu ya pili na ya tatu nzima, ili Haleluya isikike mahali pake na kile kinachoifuata kisikike. La pili, mwezi wa Juni, gicandi na ngoma ndefu za Wachuka, si kama pambo la kumpokea mgeni wa heshima, bali kwa saa nzima, na mjuzi akieleza mafumbo kabla hayajaimbwa. La tatu, mwezi wa Agosti, kwaya za shule zilizoshiriki tamasha, zilizoshinda na zilizoshindwa pamoja, ziimbe bila alama na bila waamuzi. La nne, Oktoba, tualike okestra ya vijana kutoka Nairobi, umbali wa kilomita 150 hivi, itupigie mojawapo ya zile kazi za Mozart za mwaka 1784. Usidhani kuwa okestra hizo ni za matajiri tu: chini ya mpango wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, watoto wa Korogocho hufundishwa fidla na tarumbeta katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Yohana. La tano, Desemba, iwe ni kazi mpya, iliyotungwa na mtu wa mlimani, iliyolipiwa kwa fedha za msimu huo huo.

Sasa upime msimu huo kwa maswali matatu, nami nakuomba uyahifadhi, maana yatakufaa kila utakapokutana na tangazo la msimu, liwe la Nyeri, la Nairobi au la London. Swali la kwanza: je, kimo kinachojulikana kando ya kisichojulikana? Msimu wa vilivyozoeleka peke yake hulaza sikio; msimu wa vigeni peke yake hulifukuza. Swali la pili: ni nani aliyealikwa, na ni nani aliyeachwa mlangoni kwa bei, kwa saa au kwa lugha? Swali la tatu: je, msimu huu utaacha nini nyuma yake ambacho hakikuwapo kabla? Usipoacha kazi mpya wala msikilizaji mpya, umekuwa burudani, na burudani si dhambi, lakini haitoshi kuitwa msimu.

Kwa maswali hayo msimu wetu una udhaifu wake, nami sitauficha. Onyesho la tatu linaweza kuwa refu na la kuchosha, kwani kwaya zilizozoea kushindana hazijui kuimba bila mpinzani. Onyesho la pili litakabiliwa na uhaba wa wajuzi, kwa sababu wapiga gicandi wamekuwa wachache sana. Na la tano laweza kuwa baya kabisa: kazi mpya mara nyingi huwa mbaya. Lakini kazi nzuri hupatikana katikati ya nyingi mbaya zilizosikilizwa kwa subira, na mtunzi asiyepata kusikia kazi yake ikipigwa hawezi kuirekebisha, kama mpishi asiyeonja.

Kuhusu fedha, mlimani hatuna haja ya kufundishwa. Babu zetu walilima kwa ngwatio, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mama zetu wana vyama vyao, ambamo kila mmoja hutoa kidogo kila mwezi akijua kuwa zamu yake itafika. Wakulima wa kahawa hupeleka mavuno katika kiwanda cha ushirika, wakangoja malipo kwa miezi. Shule nyingi msomazo zilijengwa kwa harambee na watu ambao hawakupata kusoma ndani yake. Mtu aliyelelewa katika desturi hizo aelewa mara moja maana ya kulipia leo kitu kitakachokuja baadaye, pamoja na watu wengine, kwa imani. Tikiti ya msimu ni chama cha masikio. Kinachokosekana si fedha ya kwanza, wala akili ya kuichanga. Ni mazoea ya kuona kuwa kusikiliza ni jambo la kuchangiwa.

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Methali hii twaitumia kumpongeza mchezaji, lakini ndani yake mna mtu wa pili ambaye hatumtazami: ni yule atuzaye. Hapawezi kuwa na tuzo bila mtu aliyesimama, akatazama, akasikiliza, akajua kizuri ni kipi. Akiondoka huyo, mchezaji atacheza kwao na kwao patakuwa patupu.

Kwa hiyo, msomaji, nakuachia kazi ndogo. Mwaka huu, kwaya ya shule yenu itakapokwenda mashindanoni, nawe umekwisha kuimba, usitoke nje. Keti. Isikilize kwaya ya shule usiyoipenda ikiimba wimbo ule ule uliouimba wewe, na utafute mahali pamoja walipoufahamu kuliko ninyi. Utapaona, kwa kuwa wewe waujua wimbo huo kwa ndani. Kisha, matokeo yakisomwa na kwaya ile ikiwa imeshindwa, mwendee mmoja wa waimbaji wake umwambie ulichokisikia. Pengine hakuna mtu mwingine aliyempa tuzo hiyo siku nzima. Nyeri itakapokuwa na vijana 174 wa namna yako, tangazo la msimu litaandikwa, na Gatuiria ataweza kutoa karatasi zake kitabuni.